Mwizi wa Vyumba Vyenye Nusu

Tarehe 2 Machi

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute na afya yako na tanuri lako likiwaka vizuri. Mimi sijambo, ila mafua ya vumbi la saruji ambayo hapa kila mtu anayo, hata Mkuu wa mradi wetu. Mama aliniandikia wiki iliyopita. Goti limepungua uvimbe, na Baba bado anagombana na bati la jikoni. Kila akiziba tundu, maji yanahamia pengine, na Mama anahama nayo na sufuria yake. Wote wanakusalimu.

Uliniuliza kazi ikoje. Mimi ni karani wa stoo, kama nilivyokwambia. Tunajenga nyumba kumi na mbili za wauguzi nyuma ya hospitali, zote za ramani moja. Ofisi yangu ni chumba cha mbao chenye dirisha dogo la kutolea vifaa. Kiti changu kina mguu mmoja mfupi, nimeuwekea kadibodi iliyokunjwa mara nne. Nina kalamu mbili, nyeusi na nyekundu, na ile nyekundu siigusi bila ruhusa. Niko kwenye majaribio ya miezi sita hadi mwisho wa Juni, kwa hiyo nafika kabla ya mlinzi kufungua geti. Ameanza kuniita Bi Jogoo.

Kuna jambo moja limenikosesha raha. Fundi wetu wa vigae ni mzee mmoja tunayemwita Taratibu, kwa sababu hilo ndilo jibu lake kwa kila anayemharakisha. Akilaza kigae hukigonga kwa mpini wa mwiko na kuinamisha sikio, kama daktari. Basi kila nyumba namtolea vigae kwa hesabu, na kila nyumba anarudi dirishani kuomba nyongeza. Sebule, kumi na vinne. Jiko, vinane. Nyumba sita sasa, jumla mia na thelathini na viwili. Vinavyovunjika si sehemu ya hizo, maana hivyo huvileta vipande na tunavisajili, kisha huruhusiwa kuvibeba kwenye gunia kwenda kupambia kizingiti cha nyumba yake. Watu wameliona gunia na wameanza kusema.

Cha ajabu ni kwamba kile chumba kidogo cha kuhifadhia vitu, mita mbili kwa tatu, hakijawahi kuombewa nyongeza hata kigae kimoja. Mkuu anasema huo ndio ujanja wenyewe. Ameniagiza niandike taarifa ya vilivyohitajika na vilivyotumika. Nimeiandika kwa mwandiko wangu mzuri, na Mkuu amenisifu mbele ya watu.

Mimi simwiti mzee wa watu mwizi, Shangazi. Karatasi ndiyo inasema hivyo.

Mwanao,
Kalamu

*

Tarehe 20 Machi

Kalamu wangu,

Marahaba, mwanangu. Mimi mzima, mgongo tu unanikumbusha umri kila ninapoinamia gunia. Mwambie wifi yangu asilikande goti kwa maji ya moto sana, atajichubua. Baba yako mwambie aite fundi wa paa. Kaka yangu huyo tangu utotoni anaamini kila kitu kinazibika kwa lami.

Huku nimepata mwenzangu mpya wa tanuri, mtu mzima aliyewahi kuendesha lori miaka ishirini. Tunamwita Breki. Ana nguvu, ana heshima, na anaimba vibaya. Ngoja nikuchekeshe. Wanafunzi wa bweni walitaka mikate, donge letu la kawaida mara mbili na nusu. Donge moja linakula kilo tatu na nusu za unga. Nikamwachia apime, nikaenda kuchukua kuni. Narudi, nakuta kitu kinachuruzika kwenye meza.

"Breki, hiki nini?"

"Donge, mama."

"Hili donge linatafuta kikombe. Umetia unga kiasi gani?"

"Kilo sita na robo. Mbili kwa tatu, sita. Nusu kwa nusu, robo. Nimepiga hesabu kichwani!"

Maji alikuwa ametia kwa ndoo, mara mbili kisha nusu, sawasawa kabisa. Unga ndio aliukata kwa akili zake. Nikamwambia, sikia, dereva. Madonge mawili yanakula kilo ngapi? Saba. Haya, nusu donge? Akafikiri, akasema moja na robo tatu. Jumla? Nane na robo tatu. Akatazama ule uji, akasema, "Kwa hiyo sita na robo haikufika hata kwa madonge mawili." Ndiyo, baba, haikufika hata hapo, na wewe ulikuwa unatafuta mawili na nusu. Tukaongeza unga, mikate ikatoka. Tangu siku hiyo kila akipima anasema kwa sauti, "Yote mara mbili, kisha nusu ya yote."

Kuhusu huyo mzee wako sina la kusema, sijamwona. Lakini umenichekesha. Mwizi gani huyo anayeiba kwenye vyumba vyenye nusu tu? Maana nakumbuka uliwahi kuniandikia sebule ni tatu na nusu kwa nne na nusu, na jiko mbili na nusu pande zote. Vyumba vya mita nzima anaviogopa?

Uliniuliza siku ile ulipokuja kwa nini natundika kopo bovu la kupimia ukutani na silitumii. Litakaa hapo hapo.

Kula vizuri. Usiishi kwa chai.

Shangazi yako

*

Tarehe 28 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Unisamehe kwa kimya. Nilikuwa na kazi nyingi, na tena nilikuwa na mafua. Natumaini mgongo umepoa. Nyumbani wazima. Baba alimwita fundi wa paa, wakagombana, fundi akaondoka na ngazi yetu.

Barua yako ilinifika tarehe ishirini na nne Machi. Niliisomea kwenye benchi la nje, saa ya chakula. Kisa cha Breki kimenifurahisha.

Nina rafiki yangu, karani kwenye ofisi nyingine, ana tatizo na ameniomba ushauri, nami nakuomba wewe. Ofisini kwao kuna fomu yenye safu mbili, kushoto imeandikwa NZIMA, kulia imeandikwa SEHEMU. Karani wa zamani aliibuni kwa ajili ya kujumlisha urefu wa mabomba, na kwa kujumlisha haina kosa lolote. Tatu na nusu na nne na nusu: nzima ni saba, sehemu ni moja, jumla nane. Sasa rafiki yangu, wiki yake ya kwanza kazini, akapewa vyumba badala ya mabomba. Kulikuwa na foleni dirishani na mkubwa wake alikuwa amesimama nyuma ya kiti. Akaitumia fomu ile ile kuzidisha. Kushoto tatu kwa nne, kumi na mbili. Kulia nusu kwa nusu, robo. Akanakili jibu hilo kwa kila nyumba, maana nyumba zote zinafanana, na hakulirudia tena.

Shuleni alikuwa wa kwanza kwenye hesabu. Anajua kabisa kwamba namba mchanganyiko kwanza hugeuzwa kuwa sehemu guni, ile ambayo namba ya juu huizidi ya chini. Anaweza kukuandikia akiwa amefumba macho.

Anauliza kama unadhani jambo kama hilo ni kubwa.

Hapa kazi ya vigae imesimama kwenye nyumba ya tisa. Taratibu amewekwa kuchekecha mchanga hadi kikao cha kesi yake, tarehe kumi Juni. Nyongeza zimefika mia na tisini na nane. Anapita mbele ya dirisha langu kila asubuhi na ananisalimu.

Kalamu

*

Tarehe 6 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Nimesoma barua yako mara mbili, ya pili nikiwa nimeketi. Ngazi ya baba yako irudishwe, ile ni yangu mimi, aliiazima mwaka juzi.

Sasa tuzungumze habari za huyo rafiki yako, maana naona anahitaji msaada kuliko ngazi.

Sehemu guni mimi sikuzijua vizuri, niliacha shule mapema kuliko wewe. Mimi hesabu zangu ni za meza ya unga. Mwambie achukue karatasi achore hicho chumba. Upande mmoja aweke alama kwenye mita tatu, kisha hiyo nusu iliyobaki. Upande wa pili mita nne, kisha nusu. Apige mistari kutoka kwenye alama hizo. Atapata vipande vinne, si viwili. Kuna kipande kikubwa, tatu kwa nne, kumi na mbili. Kuna kijikona huko mwisho, nusu kwa nusu, robo. Hivyo viwili ndivyo alivyohesabu. Lakini kati yake kuna vipande viwili virefu vyembamba. Kimoja ni tatu kwa nusu, ambacho ni moja na nusu. Kingine ni nne kwa nusu, ambacho ni mbili. Hivyo amevisahau. Mita tatu na nusu za sakafu amezifungia nje. Aongeze, atapata kumi na tano na robo tatu.

Nimemwonyesha Breki mchoro juu ya unga, kwa kidole. Akasema, "Huyo karani kapaki lori akaacha tela barabarani." Nimecheka hadi mgongo ukauma.

Uliuliza kama jambo ni kubwa. Inategemea. Kwangu ni unga, unaongeza na kukanda upya. Kwa rafiki yako, je, kuna mtu amesimama mahali penye hivyo vipande viwili? Kama hakuna, afute aandike upya, basi. Kama yupo, yeye anajua jibu na hakuwa na haja ya kuniuliza mimi.

Mwambie simgombezi. Mwambie pia ale.

Shangazi yako wa tanuri

*

Tarehe 19 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Natumaini hujambo. Nyumbani sijapata habari wiki hizi, nadhani kila mtu mzima.

Rafiki yangu anakushukuru kwa mchoro. Aliuchora nyuma ya bahasha yako. Kisha akafanya kwa njia ya shule: saba juu ya mbili, kwa tisa juu ya mbili, za juu kwa za juu sitini na tatu, za chini kwa za chini nne, akagawa, kumi na tano na robo tatu. Vinaelewana. Vigae vyao ni vya nusu mita kila upande, vinne kwa mita moja ya mraba. Kwa hiyo sebule inataka sitini na vitatu. Yeye alikuwa akitoa arobaini na tisa. Pengo ni kumi na vinne, kila nyumba, bila kupanda wala kushuka. Jiko linataka ishirini na vitano, alitoa kumi na saba. Pengo ni vinane.

Anasema atakapokuwa tayari atasema. Anasema labda kwenye kikao mkubwa wake ataona mwenyewe, kwa kuwa ni mtu wa akili. Anasema labda mzee atapewa onyo tu na mambo yataisha. Anasema yuko kwenye majaribio na zimebaki wiki sita, na kwao ndiye wa kwanza kufanya kazi ya mezani, na mama yake huwaambia majirani wa pande zote mbili, wa kulia na wa kushoto.

Najua unachotaka kusema. Tafadhali usikiseme bado.

Kopo lile ukutani, hukunijibu.

Kalamu

*

Tarehe 27 Mei

Mwanangu,

Sitakisema. Nitakujibu kuhusu kopo.

Kabla hujajua kutembea nilikuwa na mchukuzi wa unga, mtu mpole, mrefu, ambaye magunia aliyabeba begani kama mtoto aliyelala. Gunia moja lilikuwa linanipa makopo sitini ya unga. Mwaka mmoja likaanza kunipa hamsini na manane. Kisha hamsini na sita. Nikapima na kupima. Nikaandika kwa chaki mlangoni, tarehe na makopo, kila gunia. Ushahidi mzuri, mtu yeyote angeuona. Nikamwita mbele ya wateja, nikamwonyesha mlango. Alisoma polepole, kisha akaniuliza, "Mama, umeliangalia kopo?" Nikamwambia asinifundishe kazi. Akatua gunia, akalisimamisha vizuri lisianguke, akaondoka. Hakurudi tena.

Miezi minne baadaye kopo lilinidondoka likasimama kwa kuyumba. Nikaligeuza. Kitako kilikuwa kimetokeza nje kama tumbo, kwa sababu kila nikimimina nililigonga ukingoni mwa meza. Kila siku lilikuwa linakua kidogo. Kopo kubwa, makopo machache. Hakuna aliyeiba hata kijiko.

Nilifuta chaki na kununua kopo lingine, na hili bovu nikalitundika. Kumtafuta sikumtafuta. Nilisikia amehama, sijui wapi. Watu wanaponiuliza kuhusu kopo nasema ni pambo.

Miaka ishirini na zaidi, Kalamu. Kila asubuhi nikiwasha tanuri liko mbele ya macho yangu.

Rafiki yako anasema mkubwa wake ataona mwenyewe. Karatasi yenye mwandiko mzuri hakuna anayeitazama mara mbili, mwanangu. Hata mimi mwenyewe niliisoma taarifa yako kwenye barua ya kwanza nikaona mzee ana kesi.

Mpe rafiki yako barua hii aisome kwa macho yake.

Shangazi yako

*

Tarehe 14 Juni

Shangazi yangu,

Shikamoo. Mama mzima, Baba mzima, ngazi imerudi na vipandio viwili pungufu. Nimeanza na habari hizo kwa sababu nimezoea, lakini mkono wangu unataka kufika chini haraka.

Rafiki yangu karani hayupo. Nadhani ulijua tangu mstari wa kwanza.

Kikao kilikuwa Jumatano saa nne, ofisini kwa Mkuu. Taratibu aliketi kwenye ukingo wa kiti, magoti yamejaa vumbi la mchanga, kofia mkononi. Taarifa yangu ilikuwa mezani. Mkuu aliisoma yote kwa sauti, hadi mia na tisini na nane. Kisha akasema, "Mzee, una la kujibu?"

Taratibu akasema, "Nilishajibu zamani, bosi. Sebule inakula sitini na tatu."

"Karatasi inasema arobaini na tisa."

"Basi karatasi ilale sakafuni tuone kama itatosha."

Mtu mmoja akacheka. Mkuu akachukua kalamu yangu nyekundu, Shangazi, ile nisiyoigusa, akaifungua kifuniko ili asaini barua ya kumwachisha kazi. Nikasikia sauti inasema, "Samahani, Mkuu." Ilikuwa nyembamba kama ya mtoto. Ilikuwa yangu.

Nilikuwa nimeandaa hotuba. Nilikuwa nimeinakili mara tatu, na yote ikanitoka kichwani. Nikasema tu, "Kosa ni langu. Nilizidisha kwa fomu ya mabomba." Nikatoa bahasha yako na kuiweka juu ya taarifa, upande wenye mchoro. Nikaonyesha kipande kikubwa na kijikona, kisha vile viwili virefu. Mkuu akaufuatisha kila mstari kwa rula.

Akaiweka rula chini. Kisha akasema, "Twende nyumba ya kumi."

Tulikwenda wote. Taratibu alilaza vigae vikavu, bila saruji, kuanzia kwenye kona ya mlango, na hakuna aliyemharakisha. Mkuu mwenyewe alikuwa anampokeza. Vilipofika arobaini na tisa, Taratibu akasimama akajifuta mikono. Sakafu tupu ilikuwa imebaki, pana, kila mtu aliiona. Akaendelea. Safu saba, kila safu vigae tisa. Kigae cha sitini na tatu kiliingia penye ukuta kama kimekatiwa hapo. Akakigonga kwa mpini wa mwiko kwa mazoea tu, ingawa chini yake hapakuwa na kitu cha kusikiliza.

Mkuu akaniuliza, "Ulijua lini?"

Nikasema, "Tarehe ishirini na nne Machi."

Ni siku ile barua yako yenye kisa cha Breki iliponifika.

Sasa nikuambie nilichokuficha hata wewe. Mwezi wa kwanza, nyumba ya kwanza, Taratibu alikuja dirishani akaniambia, "Binti, chumba hiki kinakula sitini na tatu." Nikamjibu, "Mzee, hii ni hesabu, si maoni," nikafunga dirisha. Katika barua zangu zote niliruka hapo. Niliweza kukuandikia habari ya bati na mafua, lakini pale niliruka.

Jumatano mchana nilimfuata alipokuwa anaosha mwiko. Nikamwomba radhi. Hakusema "haidhuru", nami sikumtarajia aseme. Akaendelea kuosha.

"Siku ile ulifunga dirisha kabla sijamaliza," akasema.

"Ulitaka kusema nini, mzee?"

"Nilitaka kusema, njoo tuhesabu wote."

Amerudishwa kwenye vigae. Mimi nimeongezewa majaribio miezi mitatu, na niliamriwa niandike taarifa mpya kwa mwandiko ule ule na kuisoma asubuhi mbele ya mafundi wote. Nimeisoma. Sauti ilifika nyuma, mlinzi ameniambia. Fomu ya mabomba nimeiandikia juu kwa herufi kubwa: KWA KUJUMLISHA TU. Kwa kalamu nyekundu, Mkuu aliniruhusu. Na kabla ya kutoa vigae sasa natoka ofisini, naingia chumbani na Taratibu, tunahesabu safu pamoja. Jana nilitaka kuruka moja ili tumalize mapema. Unajua aliniambia nini.

Mama bado sijamwambia kuhusu ile miezi mitatu. Nitamwandikia kesho. Nimesema kesho, na nimeandika tarehe juu ya bahasha tayari.

Mwanao,
karani yule yule

*

Tarehe 1 Julai

Karani wangu,

Marahaba, na marahaba tena. Barua yako Breki amenisomea kwa sauti, kwa sababu miwani yangu ilikuwa na unga. Hayo ndiyo niliyomwambia, na yeye akakubali kuamini.

Wifi yangu ameniandikia. Anasema umemweleza, kwamba alilia kidogo, kisha akawaambia majirani wa kulia. Wa kushoto atawaambia akiwa tayari.

Nilikuandikia kwamba sijui mchukuzi wangu alihamia wapi. Najua. Nimejua miaka yote hii. Anakaa juu kule, karibu na machimbo ya mawe, ana wajukuu, na mtu anayeniletea kuni hupita mlangoni kwake kila wiki. Nimeshazoea kusema sijui kiasi kwamba hata kwako niliandika bila kalamu kukwama.

Kutoka mwisho wa barabara ya gari ni mwendo wa saa mbili na nusu kwa miguu. Kwa mgongo huu natembea kilomita tatu na nusu kwa saa. Nimechora juu ya unga, vipande vyote vinne, sikuacha hata kimoja: kilomita nane na robo tatu. Ni nyingi, lakini nimezihesabu zote. Mikate imeshafungwa. Breki amebaki na tanuri na nyimbo zake.

Kopo nimelishusha ukutani. Naenda nalo, alione kitako.

Shangazi yako